Hodi Nyumba Moja

Usiku ilijisasisha yenyewe.
Hakuna aliyeiomba. Tuliiacha ikihesabu,
asilimia thelathini, thelathini na moja,
tukafunga ofisi ya chama, tukaenda kula.
Asubuhi Kitangari yote ukungu,
na kule chini ya kioo, pembeni kulia,
pale zilipokaa pinde tatu juu ya nukta,
pameota tufe la kijivu, limekatwa mstari:
Hakuna intaneti.

Nje foleni ilishazunguka ghala.
Korosho zimeuzwa mnada wa Ijumaa
na orodha ya malipo imo humu, tumboni mwa mashine:
magunia mia nne na kumi na mawili,
majina, akaunti, kilo, makato ya salfa.
Benki Mtwara wamesema mwisho saa sita.

Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa kebo, nikaipuliza kama filimbi, nikaichomeka.
Ruta taa zote kijani, inakonyeza tu, haina habari.
Nikaiamuru mashine iusahau mtandao,
kisha nikautambulisha upya,
kama mtu anayejulishwa kwa mkewe.
Zikaungana. Tufe likabaki limenuna.

Dirishani kila mtu na utabibu wake.
Mnara umepigwa radi.
Panya wamekula waya, wanaupenda ule ulaini.
Bi Fatu Nankoma, gunia sita, daraja la kwanza, akasema:
"Waliokata kilo ndio hao hao waliokata mtandao."
Watu wakacheka, kicheko cha tumbo tupu,
nami nikacheka nao, ingawa mizani naishika mimi.

Nikampigia Daimu Likapa, fundi, yuko Masasi.
Alikuwa anakula, namsikia akitafuna.
"Hebu niambie, karani:
mtandao haupo,
au kompyuta ndiyo inayosema haupo?"
Nikanyamaza. Miaka minane kwenye kiti hiki
sijawahi kuyatenganisha hayo mawili.

Akameza, akanieleza.
Kila ikiamka, mashine hupiga hodi
kwenye nyumba moja, mbali huko, nyumba ileile.
Haitaki chumvi wala moto, inauliza tu: mpo?
Ikiitikiwa karibu, inachora pinde zake.
Sasa sasisho limeivuruga,
inabisha penye ukuta, mlango uko kwingine,
na ikikosa jibu katika nyumba hiyo moja
inarudi kututangazia kuwa dunia imehama.
"Dawa yake ipo, nitakuja Jumanne.
Leo usiitazame alama. Tuma."

Tuma!
Rahisi kwa mwenye ugali mdomoni.
Saa tano na dakika arobaini
nikaisukuma orodha kuelekea pasipokuwepo kitu,
tufe likinikodolea macho.
Mstari wa buluu ukatambaa,
ukasita penye herufi M, kwa akina Mnali na Mkwavila,
ukatambaa tena.
Kisha neno moja kutoka benki: Imepokelewa.
Na tufe pale pale, kijivu, kakamavu: hakuna.

Sijui kwa nini nilimkumbuka kaka.
Mwaka ule niliteremka Mtwara, Chikongola,
nikabisha mara moja kwenye mlango wa bati,
nikasimama juani muda wa kumaliza soda,
nikapanda gari kurudi.
Jioni hiyo hiyo niliuambia ukoo mzima
kwamba Saidi hana ndugu tena.
Baadaye nikasikia alikuwa amepanga mtaa wa nyuma.
Nilisikia. Sikulisema hilo kwa mtu.

Nikabandua kilebo cha gunia, namba 0317,
nikakibandika juu ya kioo, pale pembeni.
Chini yake tufe linaendelea na maneno yake.

Bi Fatu akaingiza kichwa dirishani,
kilemba chake kina vumbi la ghala.
"Mtandao umerudi?"

"Haukuondoka."

Akanitazama kama anayekagua korosho mbichi,
akageuka kuwaambia wenzake:
"Karani anasema haukuondoka.
Basi tangu asubuhi tumesimamia nini hapa?"